Shajara ya mradi: kiwanda cha alizeti kuelekea EGM

Januari

Wanahisa wamepitisha, tunaenda sokoni. Yaani ile kampuni iliyoanza na mashine moja ya kukamua alizeti hapa Singida sasa inataka kuuza hisa kwa watu wote na kuorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), kwenye lile dirisha la kukuza ujasiriamali wanaloliita EGM. Mimi ndo nimepewa kusimamia mchakato wote, na nimeamua kuandika kila hatua tunayopita maana wenye makampuni madogo huku mikoani wananiuliza sana na wengi wanadhani soko la hisa ni la kina TBL na Vodacom tu.

Kwanza kwa nini tunafanya hivi. Alizeti inavunwa kuanzia mwezi wa 5, ukifika wa 8 mzigo mkubwa umeshaondoka mikononi mwa wakulima. Kiwanda kinachotaka kukamua mwaka mzima lazima kinunue mbegu ya mwaka mzima ndani ya ile miezi michache, cash, kwenye mizani, mkulima hataki ahadi. Sasa hela yote hiyo inatoka wapi? Benki wanakupa mkopo wa muda mfupi, unanunua kidogo, unakamua, unalipa, ukifika mwezi wa 12 mzigo uliobaki ghalani ni kidogo na mashine zinalala siku nyingi, vijana wa zamu unawarudisha nyumbani. Mwaka unaofuata hivyo hivyo. Tunahitaji mtaji unaokaa, sio mkopo unaodai kila mwezi, na mtaji unaokaa ni hisa.

EGM ilianza 2013. Wa kwanza kuingia ni Maendeleo Bank, mwezi wa 11 mwaka huo huo, kisha Swala wa utafutaji mafuta na gesi 2014, wakaja Mkombozi, Mwalimu, Yetu, Mucoba. Ukiitazama hiyo orodha unaona mabenki yamejaa. Mfumo wenyewe umefuata ule wa AIM, soko la makampuni madogo la London la mwaka 1995, kwamba kampuni ndogo hailazimishwi kuwa na historia ndefu ya faida kama kwenye soko kubwa, ila lazima iwe na mshauri mteule, wenyewe wanamwita nomadi, ambaye anaweka jina lake rehani kwamba hawa watu wako sawa. Na haishii siku ya kuorodheshwa, anaendelea kuwa na wewe, ukibaki huna nomadi hisa zako zinaweza kusimamishwa.

Februari

Tumempata nomadi. Tuliongea na zaidi ya mmoja na nitasema wazi nilichoangalia, sikuangalia nani ana bei ndogo, niliangalia nani anakubali kuja kiwandani. Huyu alikuja, akapanda juu ya magunia, akauliza unyevu wa mbegu unapimwaje na nani anashika daftari la mizani usiku. Nikasema huyu huyu.

Upande wa BRELA, wanaosajili makampuni, tumeanza kubadili kampuni kutoka binafsi kuwa ya umma. Kwa sheria ya makampuni ya 2002 kampuni binafsi haizidishi wanahisa 50, inazuia uhamishaji wa hisa na hairuhusiwi kualika umma kununua, kwa hiyo lazima katiba ya kampuni ibadilishwe, na hilo ni azimio maalumu, robo tatu ya kura. Kura zilipatikana bila shida kwa sababu wanahisa wenyewe ni familia na marafiki wawili wa mzee mwenye kiwanda, ila tulivyofika kwenye kile kifungu cha kwamba mwanahisa yeyote anaweza kuuza hisa zake kwa mtu yeyote bila kuomba ruhusa ya wenzake chumba kilinyamaza. Mtoto wa pili wa mzee akauliza, kwa hiyo mshindani wetu anaweza kununua? Ndio anaweza. Anaweza kuja mkutano mkuu? Ndio, na atapewa chai. Wakatazamana, mzee akasema pigeni kura.

Machi

Hesabu. Huu mwezi umekuwa wa hesabu tu.

Hesabu zetu zilikuwa zinakaguliwa kila mwaka, ila kuna ukaguzi wa kupeleka TRA na benki na kuna ukaguzi ambao mtu asiyekujua kabisa atausoma aamue kukupa hela yake. Wakaguzi wapya wameanza na ghala. Walisema watahesabu wenyewe, na walihesabu kweli, gunia kwa gunia, kila rundo wanapanda mpaka juu kwa sababu walishakuta mahali pengine rundo lililojaa pembeni na katikati pamewekwa mbao. Kisha wakachukua magunia kadhaa wakayapima tena, maana alizeti iliyonunuliwa mwezi wa 6 na maji yake ukija kuipima mwezi wa 3 imekauka, uzito umeshuka, na kama vitabu vinasema uzito ule wa mwezi wa 6 basi una mali kwenye karatasi ambayo ghalani haipo. Tumekubaliana njia ya kukata huo upungufu kila robo mwaka, na kijana wa ghala ndiye aliyependekeza namna ya kufanya, sio mkaguzi, maana yeye anaijua mbegu.

Kitu cha pili ni mashudu. Ukikamua alizeti unapata mafuta na unabaki na mashudu, wafugaji wanayapenda, wengine wanatoka mbali na magari. Mafuta yote yanauzwa kwa invoisi na risiti ya EFD, mashudu pia siku hizi, lakini miaka ya nyuma kulikuwa na desturi ya kuuza getini, hela inaingia inatumika hapo hapo kununua dizeli au posho ya wapakiaji. Hakuna aliyeiba. Ila mkaguzi anataka kila shilingi iwe na njia yake, kwa hiyo yule dada wa uhasibu amekaa na madaftari ya getini akioanisha na matumizi, na kodi iliyopungua tumeipeleka wenyewe kabla hatujaulizwa. Imeuma mfukoni. Naiona ni hela iliyotumika vizuri kuliko zote mwaka huu, kwa sababu sasa mashudu yanaonekana kwenye hesabu kama biashara inayosimama yenyewe, na nomadi aliposoma akasema mbona hamkuniambia hiki kitu kina uzito hivi.

Aprili

Kiwanja.

Kiwanda kimesimama kwenye kiwanja chenye hati ya jina la mzee. Mashine za kampuni, ghala limejengwa na hela ya kampuni, ardhi ya mzee. Nomadi alivyoona hati akaiweka mezani taratibu akasema, Mzee, hiki kiwanda kimepanga kwako, na mkataba wa kupanga sijauona. Mzee akajibu, sasa si kiwanda changu? Nomadi akamwambia, Mzee kwa heshima zote, tukishauza hisa hakitakuwa chako peke yako, na mtu aliyeko Mwanza aliyenunua hisa zake atataka kujua siku ukiwa haupo warithi wako wakisema ondoeni mashine zenu yeye anabaki na nini.

Mzee hakukasirika. Aliomba siku chache.

Njia zilikuwa mbili. Kampuni ipange kwa mkataba mrefu uliosajiliwa, kodi ya kiwango cha soko, na iandikwe wazi kwamba mwenye ardhi ni mwanahisa mkuu. Au ardhi ihamie kampuni na mzee alipwe kwa hisa, hapo inaingia thamani ya mthamini aliyesajiliwa, kodi ya ongezeko la mtaji, ushuru wa stempu, na karatasi za ardhi ambazo haziendi haraka. Wanasheria walipendelea ya kwanza kwa sababu ni nyepesi. Mimi nilisimama na ya pili na niliongea sana kwenye kile kikao pengine kuliko inavyotakiwa kwa mtu wa nafasi yangu, kwa sababu mkulima wa Ikungi hawezi kusoma mkataba wa upangaji wa kurasa nyingi akaelewa, lakini akiambiwa kiwanja na kiwanda vyote ni mali ya kampuni anaelewa hapo hapo.

Mzee alirudi na mama na watoto wote, wakakaa upande mmoja wa meza. Akasema ardhi iende kampuni. Mama akaongeza sharti moja, kwamba ile kona yenye kaburi la baba mkwe wake ikatwe, isiingie kwenye hati mpya. Mpima amekuja, kona imekatwa, ramani iko kwa watu wa ardhi.

Mei

Mavuno yameanza na sisi tuko mizani usiku na mchana, kwa hiyo mradi umeenda pole pole. Bodi mpya imekamilika, wameingia wajumbe wa nje wasio na undugu wala biashara na kampuni, mmoja mtaalamu wa kilimo mstaafu, mwingine alikuwa benki miaka mingi. Kikao cha kwanza huyu wa benki aliuliza kwa nini malori yanayobeba mafuta yetu kwenda Dar ni ya shemeji wa mzee na bei ilipangwa na nani. Swali zuri. Tumetangaza zabuni ya usafiri.

Juni

Hapa nitakaa kidogo maana ndo sehemu ninayoijali kuliko zote.

Tumeanza kwenda vijijini kuongea na wakulima wanaotuuzia, Ikungi, Mkalama, Iramba. Hatuuzi chochote bado, haturuhusiwi kuuza kabla mamlaka ya masoko ya mitaji, CMSA, haijaidhinisha waraka wa matarajio, yaani ule unaomweleza mnunuzi wa hisa kampuni ikoje, na nomadi ametupa karatasi ya maneno tunayoruhusiwa kusema na tusiyoruhusiwa. Hatusemi bei, hatusemi faida, hatuahidi gawio. Tunaelimisha tu hisa ni nini.

Kijiji cha kwanza kabla sijamaliza salamu mzee mmoja akanyoosha mkono. Akasema, kijana, hii ni kama JATU?

Huwezi kulikwepa hilo swali na sitaki kulikwepa. JATU iliorodheshwa pale pale DSE mwaka 2020, kampuni ya kilimo, watu wengi waliingia, na baadaye wanachama wake wengi wakalalamika hawajapata hela zao na mambo yakafika mahakamani. Watu wa kule wana ndugu walioingia. Nikamwambia mzee wangu, swali lako ni la haki, ngoja nikueleze tofauti unayotakiwa kuiangalia wewe mwenyewe, usiniamini mimi. Ukinunua hisa unanunua kipande cha kampuni, basi. Mtu akikuambia lete hela nikulimie ekari, mwisho wa msimu nikupe mavuno, huo ni mkataba mwingine kabisa, hata kama anayekuambia ana kampuni iliyoko sokoni. Soko linasimamia hisa na taarifa za kampuni, halilimi shamba lako wala halihakikishi mavuno. Sisi hatutachukua hela ya mtu kumlimia. Tukikuuzia hisa ni hisa, ukituuzia alizeti tunakulipa alizeti.

Akatikisa kichwa, sijui kama aliridhika, ila alibaki mpaka mwisho wa mkutano.

Kisha mama mmoja aliyekuwa nyuma akauliza lile ambalo mabenki yote ya Dar niliyokaa nayo hawakuniuliza. Mwanangu, hiyo hela nikiihitaji mwezi wa kwanza mtoto akienda shule, naifuata kiwandani? Nikamjibu hapana mama, kiwandani haturudishi, hisa ukitaka hela unamuuzia mtu mwingine kupitia dalali wa hisa. Akauliza, na huyo mtu mwingine yupo?

Hilo ndilo swali. Fungua ripoti za soko za siku yoyote utazame upande wa EGM, kuna siku nyingi kampuni nzima haikuuzwa hata hisa moja. Bei imekaa pale pale sio kwa sababu kampuni haijabadilika, ni kwa sababu hakuna aliyenunua wala aliyeuza. Kampuni yenyewe hilo haliiumizi moja kwa moja, ilishapata hela yake siku ya toleo, yaani ilipouza hisa mara ya kwanza, lakini huyu mama akikaa na hisa zake miezi mitatu anatafuta mnunuzi atasema tumemwibia, na kwa upande wake atakuwa na haki ya kuona hivyo.

Nilimwambia kweli. Kwamba inaweza kuchukua muda, kwamba hela ya ada ya shule asiiweke huku, aweke ile ambayo angenunua nayo ng'ombe akamwacha akue. Wenzangu kwenye gari walininunia kidogo wakati wa kurudi kwamba nawakatisha tamaa watu. Siwakatishi. Mwanahisa anayejua anachonunua ndiye ninayemtaka kwenye daftari la kampuni.

Julai

Ukubwa wa toleo na nani auziwe. Mvutano mkubwa.

Kuna mfuko mmoja wa uwekezaji umeonyesha nia ya kuchukua toleo lote. Kwa mtu mwenye haraka hiyo ni neema, hela inaingia mara moja, gharama za kuuza hakuna. Nomadi mwenyewe aliegemea huko. Mimi na yule mjumbe wa benki tukapinga. Ukimpa mmoja vyote, siku ya pili nani atamuuzia nani? Yeye hauzi, familia ya mzee haiuzi, soko limekufa kabla halijaanza, na yule mama wa kule kijijini hana hata nafasi ya kuingia. Ukiwa na watu wengi wenye hisa chache chache, daima kuna anayehitaji ada na kuna aliyevuna vizuri, wanauziana. Angalia Vodacom 2017, kima cha chini kilikuwa hisa 100 kwa 850, yaani 85,000 inamtosha mtu, na watu wa kawaida waliingia. Mwalimu Bank waliuza kwa 500, na walimu nchi nzima wakainunua mpaka walivuka lengo lao.

Tumefikia hivi: mfuko unachukua sehemu, na umekubali, nyingine inaenda kwa wakulima, mawakala, wafanyakazi na umma wote. Jumla tunatoa asilimia 30. Hiyo 30 haikuja hewani, kampuni ikiorodheshwa huku umma ukiwa na angalau asilimia 30 inalipa kodi ya mapato 25% badala ya 30% kwa miaka mitatu mfululizo, na mwanahisa wa kampuni iliyoko sokoni anakatwa 5% kwenye gawio badala ya 10. Mzee alitaka kutoa 20. Tulimwonyesha hesabu ya kodi kwa kalamu, mbegu ya msimu mzima ingeongezeka kwa hiyo tofauti, akakubali.

Jambo lingine, kuna aliyependekeza tuwakate wakulima kwenye mizani, mtu akileta alizeti sehemu ya malipo yake iwe hisa. Linaonekana zuri. Nomadi alilikataa palepale na safari hii niko naye mia kwa mia. Mkulima alipwe hela yake yote mkononi kwanza, aende nayo nyumbani, akirudi kununua arudi kwa miguu yake kupitia benki. Ukianza kuchanganya bei ya gunia na bei ya hisa hatajua tena kama amepunjwa huku au kule, na wewe una mizani na yeye hana.

Agosti

Waraka wa matarajio. Rasimu imeshapita kwa wanasheria, wakaguzi, nomadi, ikarudi, ikaenda tena. Sehemu iliyotuchukua muda ni ya hatari za biashara. Rasimu ya kwanza ilikuwa na maneno ya jumla, mabadiliko ya hali ya hewa, mabadiliko ya sera, vitu ambavyo vingefaa kampuni yoyote. Tukakaa chini tukaandika yetu. Kwamba mafuta ya mawese yakiingia kwa wingi kutoka Malaysia na Indonesia na ushuru ukiwa mdogo bei yetu inaanguka, kama ilivyoonekana 2023 wakulima wa huku walipolalamika alizeti haina bei. Kwamba bei ya mbegu ikianguka sana mwaka huu mwakani mkulima analima kitu kingine na kiwanda kinakosa mzigo, kwa hiyo hata bei ndogo ni hatari kwetu. Kwamba mzee bado ndiye anayejulikana na wanunuzi wakubwa. Hili la mwisho mzee alilisoma mwenyewe akasema liacheni, ni kweli, na akaanza kumpeleka meneja mauzo kwa kila mteja.

Tumetengeneza na muhtasari wa Kiswahili, kurasa chache, herufi kubwa, kila namba imeelezwa inatoka wapi. Nimewapa wapakiaji wetu wasome kwanza waniambie wapi hawaelewi. Waliishia kwenye neno mtaji wa kazi, tukaandika hela ya kununulia mbegu.

CMSA wameshapokea maombi na maswali ya kwanza yamerudi. Ni maswali ya maana, mengi ni kuhusu hela ya toleo itatumikaje mwezi kwa mwezi, na moja kuhusu ile ardhi, uhamisho umefika wapi.

Septemba

Majibu ya CMSA yamerudishwa. Hati mpya ya kiwanja imetoka, jina la kampuni, nakala imeambatishwa, hilo limeisha.

Kinachotuchosha sasa ni kitu kidogo ambacho hakuna mshauri aliyetuambia. Ili mtu amiliki hisa lazima afunguliwe akaunti ya hisa, CDS, kwa namba ya NIDA, na jina lifanane na la akaunti ya benki au ya simu itakayopokea gawio. Nenda kijijini uone. Kitambulisho kina majina matatu, laini ya simu imesajiliwa na mtoto, akaunti ya benki ina jina la ubatizo, kwenye daftari letu la mizani anaitwa Baba fulani. Wengine wana namba ya NIDA bila kadi. Wengine wanauliza akifa hisa zinaenda wapi na mke wa pili anahesabika vipi, na hilo nimemwomba mwanasheria aje mwenyewe kijijini alijibu, sio kwa simu.

Tumeajiri vijana wa maeneo hayo hayo, wanaoongea Kinyaturu na Kinyiramba, wanapita nyumba kwa nyumba kusahihisha majina tu. Hawauzi, hawana kamisheni, wanalipwa kwa siku, nimeng'ang'ania hilo kwa sababu ukimpa kijana kamisheni ataanza kuahidi watu vitu. Programu ya DSE ya simu, Hisa Kiganjani, inasaidia kwa mwenye simu janja, kwa mwenye kitochi tunajaza fomu, na dalali amekubali kuweka mtu Singida mjini siku za mnada angalau mwaka wa kwanza, mtu wa kuonana naye uso kwa uso ukitaka kuuza au kununua. Tumeliandika kwenye mkataba wake.

Yule mama ameshasahihisha majina yake. Hajasema kama atanunua.

Kilichobaki: idhini ya CMSA, kisha kamati ya soko la hisa, kisha kufungua dirisha la mauzo. Mzee anataka lifunguke wakati wakulima bado wana hela ya mavuno. Mimi nimeomba tusubiri kama majina hayajakamilika, hata kama itabidi tufungue baada ya msimu wa kulima, na bodi inakaa Ijumaa kuamua.